Nyumba ya kupangisha ikigeuka mzigo: uitengeneze, uikabidhi au uiuze?

Mwenye nyumba akishachoka, simu ya kwanza humpigia dalali. Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa, hapati kitu ikibaki, kwa hiyo jibu lake unalijua kabla hujauliza. Kabla ya simu hiyo kuna kazi ya wiki mbili au tatu ya kujua mzigo wenyewe umekaa wapi. Unaweza kuwa kwenye jengo, kwa wapangaji, kwenye karatasi, au ndani ya familia. Kuuza kunakutua ule wa jengo na wa wapangaji. Wa karatasi na wa familia haukutui, kwa sababu mnunuzi anauona na kuukata kwenye bei, na nyumba ambayo ingeuzwa milioni 45 inaondoka kwa milioni 28 huku ukishukuru.

Nyumba inayozungumziwa hapa ni ile ya kawaida ya vyumba ya Dar es Salaam, ya Tandika, Manzese, Buguruni au Mbagala: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uwani, LUKU moja, bomba moja. Sheria na viwango ni vya Tanzania Bara. Na kwa kuwa neno "kodi" limebebeshwa mambo mengi, humu "pango" ni pesa anayotoa mpangaji, na "kodi" ni ile ya serikali.

Hatua ya 1: Andika hesabu ya miezi 12 iliyopita

Kaa na daftari, ujumbe wa miamala ya simu na risiti za LUKU na maji. Usitegemee kumbukumbu. Wengi huzidisha vyumba kwa pango, wanapata milioni 3.6, kisha wanashangaa pesa inapotelea wapi. Chumba hakilipi miezi 12. Hesabu miezi ya pango: vyumba 6 kwa miezi 12 ni miezi 72. Toa miezi ambayo vyumba vilikaa tupu, kisha toa miezi ambayo vilikaliwa bila kulipwa.

Huu ni mfano wa nyumba ya vyumba 6, kila chumba 50,000 kwa mwezi. Miezi 8 ya pango vyumba vilikuwa tupu, miezi 5 haikulipwa. Weka namba zako mahali pa hizi:

- Pango lililoingia kweli (miezi 59): 2,950,000
- Kodi ya TRA, asilimia 10: 295,000
- Msimamizi anayekusanya, asilimia 10: 295,000
- Gari la majitaka mara mbili: 240,000
- Matengenezo madogo (vitasa, koki, nyaya, milango): 350,000
- Kodi ya majengo: 18,000
- Kodi ya pango la ardhi: 20,000
- Akiba ya bati na kenchi (mbao zinazobeba paa): 250,000
- Kinachobaki: 1,482,000

Mstari ambao karibu kila mtu huuruka ni wa akiba ya bati. Ukiezeka upya kwa milioni 5 na paa likakaa miaka 20, kila mwaka umekula 250,000 hata kama hujatoa shilingi. Usipoiandika, nyumba inaonekana inalipa, mpaka mwaka bati zinapoliwa na kutu na wewe unakopa.

Kodi ya TRA kwenye pango hupigwa kwenye pesa yote iliyopokelewa, kabla ya kutoa gharama. Kisheria mpangaji ndiye anayepaswa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka, lakini mtaani mara nyingi mwenye nyumba huomba mwenyewe namba ya malipo TRA na kulipa. Kwa mtu binafsi mkaazi wa Tanzania anayepangisha nyumba nje ya biashara, hiyo ndiyo kodi ya mwisho ya pango hilo. Kwa asiye mkaazi, kama mwenye nyumba anayeishi Muscat au London moja kwa moja, kiwango ni asilimia 15. Maana yake ni kwamba mwaka uliotumia milioni 2 kutengeneza choo, kodi haipungui hata senti. Kumbuka hilo utakapofika kwenye hesabu ya matengenezo.

Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila ghorofa kwa nyumba ya ghorofa mijini. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ilhali deni ni la mwenye nyumba. Mrudishie mpangaji hiyo 1,500 au ipunguze kwenye pango lake. Ni pesa ndogo, lakini huzaa ugomvi mkubwa kuliko thamani yake.

Sasa gawanya kinachobaki kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa leo. Kwa bei ya milioni 45, 1,482,000 ni asilimia 3.3 kwa mwaka. Ili ujue kama ni kidogo, ilinganishe na pesa iliyolala mahali pasipo mpangaji. Hati fungani ya Serikali, yaani pesa unayoikopesha Serikali kwa riba, ya miaka 25 iliyotolewa mwaka 2022 ilikuwa na riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka, na kima cha chini cha kununua ni milioni moja. Milioni 45 kwa riba hiyo ni zaidi ya milioni 5.6 kwa mwaka. Lakini usikurupuke: hati fungani inakurudishia milioni 45 ile ile baada ya miaka 25, wakati kiwanja huwa kinapanda. Kwa hiyo swali la haki ni hili: je, bei za mtaa wako zinapanda kiasi cha kuziba pengo hilo? Tafuta viwanja vitatu au vinne vilivyouzwa kweli katika miaka mitano iliyopita, uliza wauzaji walipokea kiasi gani mkononi. Bei zinazotajwa na madalali kwa nyumba ambazo bado hazijauzwa ni matamanio tu, ziache.

Kwa maoni yetu, kinachobaki kikiwa juu ya asilimia 6, nyumba haina tatizo. Tatizo ni usimamizi, na kuuza ni kujikata mguu. Kikiwa chini ya asilimia 3 na kiwanja hakipandi, kuuza kuingie kwenye mjadala kwa uzito. Katikati ya hapo, hatua zinazofuata ndizo zitakazoamua.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza, hata kama hutaki kuuza

Toa kila karatasi uliyonayo uione kwa jina lake.

Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Angalia imebaki miaka mingapi, jina ni la nani, na matumizi ni makazi tu au makazi na biashara. Kisha fanya upekuzi kwa msajili wa hati kuhakikisha hakuna zuio wala rehani usiyoijua. Barua ya toleo si hati. Ni ahadi ya hati, na mnunuzi mwenye wakili atakutuma uikamilishe kwanza. Leseni ya makazi, iliyo kwenye maeneo mengi yaliyojengwa bila kupimwa, hudumu miaka mitano na huhuishwa manispaa. Iliyoisha muda haimaanishi nyumba si yako, ila inampa mnunuzi sababu ya kushusha bei. Chini kabisa ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ina thamani ya ushahidi wa nani alimuuzia nani, haina zaidi ya hapo. Ukiwa na hiyo peke yake, uliza kwenye mtaa kama kuna urasimishaji unaoendelea, yaani kupima viwanja vilivyojengwa bila kupimwa ili vipewe hati. Kulipia kupimwa na kuchukua hati mara nyingi ndiyo shilingi inayozaa kuliko zote utakazoweka kwenye nyumba hiyo.

Kodi ya pango la ardhi hudaiwa kila mwaka wa fedha kuanzia Julai. Omba taarifa ya deni. Watu hugundua deni la miaka kumi na adhabu juu yake siku ambayo mnunuzi ameshaleta pesa.

Mwenza. Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zote zimelisema. Usijitetee kwamba hati ina jina lako peke yako. Na hata kama hamjawahi kulala humo hata siku moja, mnunuzi makini atataka ridhaa iliyoandikwa na kusainiwa mbele ya wakili, au kiapo kwamba huna mwenza.

Mirathi ndiyo inayozika nyumba nyingi. Mzazi amefariki, kaka mkubwa anakusanya pango "kwa niaba", mdogo anakaa vyumba viwili bure, dada aliyeolewa Tanga hajawahi kuona hata elfu kumi. Hapa hakuna hesabu ya pango itakayosaidia kabla ya mambo matatu. La kwanza, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake haumpi mtu mamlaka ya kuuza. La pili, kama kuna hati, jina la msimamizi liandikishwe kwa msajili, kwa sababu marehemu hawezi kusaini fomu ya kuhamisha. La tatu, pango liingie kwenye akaunti moja, na anayekaa bure achajiwe pango la vyumba vyake kwenye hesabu, likatwe kwenye fungu lake. Hilo la tatu linauma, na ndilo linalofanya watu waanze kuzungumza. Anayekaa vyumba viwili vya 50,000 anakula 1,200,000 kwa mwaka kabla ya wengine hawajagawana. Mara nyingi yeye ndiye anayepinga kuuza, na mara nyingi yeye ndiye mnunuzi bora: mthamini aseme bei, fungu lake litolewe, alipe mafungu ya wengine kwa awamu zilizoandikwa.

Kama nyumba iko rehani benki na marejesho yamekushinda, nenda benki kabla hawajakuandikia. Benki lazima ikupe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza, na ndani ya muda huo unaweza kuomba ridhaa yao utafute mnunuzi mwenyewe. Nyumba inayopigwa mnada huenda kwa bei ya haraka, na gharama za dalali wa mnada hukatwa humo humo.

Hatua ya 3: Pima kama mzigo ni wapangaji

Dalili yake ni rahisi: jengo ni zima, karatasi ziko sawa, lakini miezi isiyolipwa inazidi asilimia 10 ya miezi ambayo vyumba vilikaliwa. Kwenye mfano wetu ni miezi 5 kati ya 64 iliyokaliwa, karibu asilimia 8. Pabaya lakini hapajaharibika.

Anza na LUKU, maana ndiko vyumba vingi vinakohamwa. Familia sita kwenye mita moja huzidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo mita inakaa kwenye kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya tozo, karibu 356 ukijumlisha. Mtu mwenye taa tatu, feni na redio kwenye mita yake mwenyewe angekuwa kundi la matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, kama 122 mkononi. Mpangaji wako analipa umeme mara tatu ya jirani yake, kisha anagombana na mwenye friji. Mita ndogo za ndani, moja kwa kila chumba, zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini, lakini bei ya uniti inabaki ile ya juu. Mita tofauti za TANESCO zinashusha bei yenyewe. Ukiziweka, nenda TRA na namba za mita zote ili kodi ya majengo ikatwe kwenye mita moja tu, la sivyo nyumba moja italipa mara sita.

Mkataba uwe wa maandishi hata kwa chumba cha 40,000: majina na namba ya kitambulisho cha NIDA, pango, tarehe, muda wa notisi, idadi ya watu wanaolala, nani analipa maji na choo. Nakala mbili. Kisheria mkataba wa pango hulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji.

Mpangaji sugu. Usikate umeme, using'oe mlango, usiezue bati juu ya kichwa chake, usitoe vyombo nje. Mambo hayo humgeuza mdaiwa kuwa mdai, na ukifika barazani kesi inakuwa yako. Njia ni hii: notisi ya maandishi yenye deni na tarehe ya mwisho, nakala kwa mjumbe au serikali ya mtaa, asaini kuipokea au shahidi asaini kwamba amekataa. Siku zikipita, Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ukishindikana ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Lakini kabla ya baraza, piga hesabu ya kumsamehe. Anadaiwa miezi minne, 200,000. Kesi ikichukua miezi minane, chumba kinakula 400,000 nyingine, na bado unakimbia huku na huko na nauli. Mwambie: deni limefutwa, na siku ya kurudisha ufunguo chumba kikiwa kitupu utapewa 40,000 ya kirikuu cha kuhamishia vyombo. Muandikishane. Pesa itolewe akiwa ameshapakia, isitolewe kabla. Wenye nyumba wengi hukataa kwa hasira, na hasira hiyo ina bei: hapo juu ni kama 360,000.

Hatua ya 4: Pima kama mzigo ni jengo

Mwite fundi ambaye hutampa kazi hiyo. Mlipe kwa kukagua tu. Fundi anayejua kazi itakuwa yake huona ubovu kila ukuta.

Nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si kitu. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingiza ncha ya kidole cha mwisho, unatoka kwenye msingi. Kabla ya kutumia pesa, bandika vipande vidogo vya kioo kwa saruji juu ya ufa, sehemu mbili, andika tarehe, subiri miezi mitatu ukipitia masika. Kioo kikipasuka, msingi bado unakwenda, na kupiga plasta juu yake ni kupaka mgonjwa poda.

Unyevu na chumvi. Rangi inabambuka hadi usawa wa kiuno, plasta inavunjika kama biskuti. Chanzo ni maji yanayopanda kutoka chini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni, au mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi. Kupaka rangi tena kunadumu miezi michache. Bandua plasta mpaka mita moja na nusu juu, acha tofali zikauke wiki kadhaa za kiangazi, piga plasta ya saruji ndoo 1 kwa mchanga wa mto ndoo 4 yenye dawa ya kuzuia maji, na nje chimba mfereji uondoe maji ya bati mbali na ukuta. Ukiacha mfereji, umefanya kazi bure.

Bati. Kwenye geji, namba kubwa ni bati jembamba: 32 ni jembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko zote hizo. Karibu na bahari, upepo wa chumvi hulimaliza jembamba haraka. Kabla ya kuezeka upya, panda darini uangalie kenchi. Mchwa ukiwa umeshakula mbao, bati jipya litaning'inia kwenye mti uliooza.

Choo. Hiki ndicho kinachoua nyumba za uwani. Shimo linalonyonywa kila baada ya miezi mitatu halijai kinyesi, linajaa maji ya ardhini, na hasa maeneo ya mabondeni masika. Kulinyonya mara nyingi zaidi ni kulipa gari lisombe maji ya mvua. Dawa ni kuinua choo na kujenga shimo lisilopitisha maji, au kutenganisha maji ya bafu yaende shimo lake. Na kutapisha choo kwenye mtaro mvua ikinyesha ni kosa. Pia ndiyo njia kipindupindu kinavyotembea mtaani, na bwana afya wa kata anajua nyumba zipi hufanya hivyo.

Sasa hesabu ya kuamua: gharama ya kazi, gawanya kwa pango linaloongezeka kwa mwaka baada ya kodi. Ukigeuza chumba cha 50,000 kuwa masta chenye choo ndani kwa 2,500,000, na kikapangishwa 90,000, nyongeza ni 480,000 kwa mwaka, ukitoa asilimia 10 ya kodi 432,000. Pesa inarudi karibu na miaka sita. Kazi inayorudi ndani ya miaka minne, ifanye. Ikivuka sita, iache, isipokuwa ni kazi isiyofanyika nyumba inaanguka. Mita za umeme na choo kisichofurika kwa kawaida hushinda marumaru na jipsamu, kwa sababu zinapunguza miezi tupu. Marumaru zinapendezesha picha za dalali tu.

Hatua ya 5: Kuikabidhi bila kuiuza

Mtu anayeishi mbali, mzee, au mwajiriwa asiye na muda mara nyingi hana haja ya kuuza. Anahitaji kutoka katikati yake na wapangaji.

Njia ya kawaida ni msimamizi wa asilimia 10. Udhaifu wake ni kwamba hana hasara chumba kikikaa tupu, na ana faida akikuambia kimekaa tupu wakati kina mtu. Pango lilipwe kwenye namba au akaunti yako moja kwa moja, naye umlipe wewe.

Njia isiyozungumzwa sana ni kumkodisha mtu mmoja nyumba nzima, kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, naye apangishe vyumba. Rudi kwenye mfano wetu. Akikulipa 170,000 kwa mwezi unapata 2,040,000. Ukitoa kodi ya TRA 204,000 na zile 288,000 za majengo, ardhi na akiba ya bati, unabaki na 1,548,000. Ni zaidi ya 1,482,000 uliyokuwa ukipata kwa kusumbuka. Yeye anaingiza 2,950,000, anakulipa, anabeba choo na matengenezo madogo 590,000, anabaki na 320,000 kabla ya kodi yake mwenyewe, na kwa kuwa yuko pale pale atapunguza miezi tupu na kupata zaidi. Ukimbana alipe 200,000 kwenye nyumba hiyo, ataingia hasara, na mtu aliye kwenye hasara huacha choo kifurike. Mkataba uandike idadi ya juu ya watu, umkataze kugawa vyumba kwa mbao, useme nani anatengeneza bati, na uwe na orodha ya hali ya kila chumba pamoja na picha.

Fremu za duka mbele ya nyumba zinalipa barabarani tu. Na zinahitaji kibali cha ujenzi na matumizi yanayoruhusu biashara.

Hatua ya 6: Ukiuza, uza kwa utaratibu

Anza na mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake itahitajika kuidhinishwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kwa ajili ya uhamisho, kwa hiyo hutailipia bure. Dalali muandikiane asilimia na bei ya chini. Ukimwachia aweke cha juu bila kikomo, mnunuzi wa milioni 43 atafukuzwa na tamaa ya dalali wa milioni 50.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkaazi. Ulinunua kiwanja milioni 6, ukajenga kwa milioni 18 zenye risiti, unauza 45. Faida ni 21, kodi ni 2,100,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hapa ni 1,350,000 kwa bei ya 45. Kumbukumbu zinakufaa faida ikiwa chini ya asilimia 30 ya bei: aliyenunua kwa milioni 38 juzi atalipa 700,000 tu akiwa na risiti. Bila cheti cha TRA uhamisho hausajiliwi. Mnunuzi kwa kawaida hubeba ushuru wa stempu wa asilimia 1.

Kwa nyumba yenye hati, wakili huandaa mkataba wa mauziano na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Pesa ipite benki. Hati halisi ibaki kwa wakili mnayemkubali wote mpaka malipo yakamilike. Ile asilimia 10 ambayo viongozi wa baadhi ya mitaa huomba kwa kugonga muhuri haimo kwenye sheria. Omba risiti ya serikali yenye namba ya malipo, na utaona ombi linavyoyeyuka.

Wapangaji wasisahaulike. Mnunuzi huipokea nyumba pamoja na mikataba iliyo hai, kwa hiyo miezi sita uliyochukua mbele ni deni lako. Ama ukate sehemu isiyoliwa kwenye bei, ama uwarudishie. Anayetaka nyumba tupu aandike hivyo kwenye mkataba, na aandike notisi itatolewa na nani. Siku ya makabidhiano pigeni picha ya mita za umeme na ya maji pamoja, lipa bili ya DAWASA hadi siku hiyo, badilisha jina la mteja, kisha wapelekee wapangaji barua moja yenye saini zenu wawili inayosema pango la mwezi ujao linalipwa kwa nani na kwenye namba ipi.